Hallsands: robo ya peni kwa tani

Wanaosimulia habari za Hallsands huanza na usiku wa tarehe 26 Januari 1917. Huwezi kuwalaumu. Usiku ule una kila anachokitafuta msimulizi: giza la majira ya baridi, upepo mkali wa mashariki, maji ya bamvua yaliyopanda kuliko kawaida, na kijiji cha wavuvi ambacho watu wake walilazimika kukimbilia juu ya jabali huku nyumba zikibomoka nyuma yao. Hakufa hata mtu mmoja. Lakini hadi mwaka ule unakwisha, ilikuwa imebaki nyumba moja tu inayokalika.

Ubaya wa kuanzia hapo ni kwamba mshitakiwa anakuwa upepo, na upepo hauna anwani ya kupelekewa barua ya madai. Ndiyo maana mimi naanza miaka ishirini na moja nyuma, mwaka 1896, na karatasi moja ya leseni.

Kwanza mahali penyewe. Hallsands iko kusini mwa jimbo la Devon, Uingereza, kwenye ghuba ya Start, karibu kabisa na rasi yenye mnara wa taa wa Start Point. Mji wa soko ulio jirani ni Kingsbridge. Sensa ya 1891 ilihesabu nyumba 37 na watu 159, na baa moja iliyoitwa London Inn. Nyumba zilipangwa kwenye ukingo mwembamba wa mwamba, jabali mgongoni na bahari mbele, na baina ya nyumba na bahari ulikuwapo ufukwe mpana wa kokoto. Hapo ndipo mashua zilipopandishwa, nyavu zikaanikwa, na madema ya kaa yaliyosukwa kwa fito yakarundikwa. Walivua kaa na kamba mawe kwa madema, na mkizi walipoingia ghubani walitegwa kwa juya, kijiji kizima kikivuta kamba. Walifuga pia mbwa wakubwa waliofundishwa kuogelea hadi kwenye mashua, kushika kamba mdomoni na kuileta nchi kavu bahari ilipokuwa imechafuka. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilidhani ni chumvi ya waandishi. Siyo, imesimuliwa na wengi mno.

Jambo moja la jiografia lishikeni, maana kisa chote kinazunguka hapo. Pepo za kawaida za kule hutoka kusini-magharibi, na rasi ya Start inazikinga. Hallsands ilitazama mashariki. Siku nyingi za mwaka ilikaa kwenye utulivu uliowashangaza waliotoka upande wa pili wa rasi. Adui wake alikuwa mmoja tu, upepo wa mashariki ukikutana na bamvua. Na dhidi ya adui huyo kijiji hakikuwa na ukuta wa maana wala gati. Kilikuwa na kokoto. Wimbi linapopanda mteremko wa kokoto, maji yanazama kati ya mawe, nguvu inaisha njiani, na kinachofika mlangoni ni povu.

Sasa karatasi. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 jeshi la majini la Uingereza liliamua kupanua gudi zake za Keyham, pale Devonport, Plymouth. Meli za kivita zilikuwa zinakua kila mwaka na gudi za zamani hazikuzitosha. Kazi alipewa Sir John Jackson, mkandarasi mkubwa wa enzi zake. Gudi ni zege, na zege linataka mchanga na kokoto kwa malaki ya tani. Mwaka 1896 Bodi ya Biashara, idara ya serikali iliyokuwa na mamlaka juu ya sehemu ya ufuo inayofunikwa na maji yakijaa na kuachwa yakipwa, ilimpa leseni ya kuchota kokoto kwenye ufuo wa Hallsands na jirani yake Beesands. Kisheria mahali pale palikuwa mali ya Taji, yaani ya ufalme. Wanakijiji hawakuulizwa, kwa kuwa kwa mujibu wa makaratasi hapakuwa na cha kuwauliza. Nyumba zilikuwa zao, lakini ufukwe uliozizuia nyumba zisichukuliwe na bahari haukuwa wao. Mwanya huo, kati ya mwenye nyumba na mwenye kokoto, ndio uliopitisha msiba wote.

Uchotaji ulianza mwaka 1897. Siku nyingine zilitoka hadi tani 1,600. Jaribuni kuliona hilo kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni kwake: meli inatia nanga hatua chache kutoka kwenye dema lake, mitambo inanguruma kutwa, inanyonya kokoto na kuzipakia, inaondoka kwenda Plymouth, kesho iko tena palepale.

Wavuvi walilalamika mapema, na malalamiko yao yalikuwa mawili. Watu husahau hili. La kwanza lilikuwa la kazi: mitambo inaharibu madema, inafukuza samaki, inaziba njia ya mashua. La pili lilikuwa zito zaidi: mnachota ufukwe, na ufukwe ndio unaozishika nyumba zetu. Uchunguzi ukafanyika. Kwa lile la pili wakajibiwa kwamba hakuna hatari kubwa kwa kijiji, kwa sababu bahari itarudisha yenyewe kilichochotwa. Kwa lile la kwanza walipewa pesa. Kampuni ilikubali kuwalipa wavuvi pauni 125 kwa mwaka muda wote wa uchotaji, pamoja na zawadi ya pauni 20 kila Krismasi.

Nina tabia mbaya ya kupiga hesabu kwenye visa vya watu. Uchotaji ulidumu takriban miaka mitano. Pauni 125 kwa mwaka ni 625, ongeza Krismasi tano, unapata 725. Zilizochotwa hadi mwisho zinakadiriwa kuwa tani 650,000. Pauni ile ya zamani ilikuwa na peni 240. Gawanya: ni robo ya peni na ushei kwa kila tani. Kwa haki ya wahusika niseme kwamba pesa hizo hazikutolewa kama bei ya kokoto. Zilitolewa kama pole ya usumbufu wa uvuvi. Na hapo ndipo ninapowaona wanakijiji walipokamatwa, ingawa sidhani kama kuna aliyekusudia kuwakamata. Ukishapokea pole ya usumbufu mdogo, ule mkubwa unaonekana kana kwamba nao umeshazungumzwa.

Turudi kwenye ile hoja ya bahari kurudisha, maana ndiyo iliyobeba leseni. Haikuwa hoja ya kijinga. Fukwe nyingi zinakula na kutapika. Mchanga unaondoka kusi na kurudi kaskazi, kila mtu wa pwani analijua hilo. Swali lilikuwa: kokoto za ghuba ya Start zinatoka wapi?

Jibu unaweza kulishika mkononi. Mara ya pili nilipokwenda kule niliteremka kwenye ufuo wa kaskazini, unaofikika kwa miguu, nikaokota jiwe. Lilikuwa dogo, mviringo, la rangi ya kahawia iliyofifia, gumu na laini kama lililopakwa mafuta. Gumegume. Kisha nikaenda hadi kwenye jabali nikaligusa: mwamba wa kijivu unaometameta, wenye tabaka zinazobanduka kama karatasi zilizolowa. Mawe haya mawili hayana undugu. Ukilivunjavunja jabali lile miaka elfu hutapata gumegume hata punje. Maana yake kokoto zile hazizaliwi na mwamba wa pale. Wanajiolojia wanaeleza kwamba zilisukumwa kutoka sakafu ya bahari maelfu ya miaka iliyopita, barafu kuu ilipoyeyuka na maji yakapanda. Ni akiba iliyowekwa mara moja. Hakuna mto unaozileta wala jabali linalozizalisha. Ukichota tani moja imetoka tani moja, na shimo linajazwa kwa kokoto za jirani yako.

Mtu angeweza kuyaokota mawe hayo mawili mwaka 1896 pia.

Kufikia mwaka 1900 ufukwe ulikuwa umeshuka waziwazi. Dhoruba za vuli zikabomoa sehemu ya ukuta mdogo wa kijiji. Novemba wanakijiji wakampelekea mbunge wao, Frank Mildmay, malalamiko kwamba nyumba zinaathirika. Machi 1901 halmashauri ya wilaya ya Kingsbridge ikaiandikia Bodi ya Biashara juu ya kuharibika kwa barabara. Septemba mwaka huo mkaguzi mpya akaja, akatazama, akaandika kwamba dhoruba kali nyingine zinaweza kuleta madhara makubwa na kwamba uchotaji usimamishwe. Leseni ilifutwa tarehe 8 Januari 1902.

Mnaona mpangilio wa mambo ulivyokwenda. Wavuvi walisema mwaka 1897. Bodi ilisikia miaka minne baadaye, na katika miaka hiyo minne habari haikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni msemaji. Mvuvi akisema “bahari imekaribia”, hiyo inaitwa hofu. Mkaguzi akiandika maneno yaleyale, inaitwa taarifa. Nimekulia Tanga na nimewasikia wazee wa Pangani wakionyesha kwa kidole mahali maji yalipokuwa yakiishia walipokuwa vijana: pale kwenye mvinje, si hapa. Sijawahi kumwona mtu wa ofisi akiyaandika maneno hayo kwenye daftari.

Ndiyo maana mtu ninayemheshimu kuliko wote katika kisa hiki, nje ya wanakijiji wenyewe, ni Richard Hansford Worth, mhandisi wa Plymouth aliyekuwa pia na mapenzi ya jiolojia. Worth alifanya jambo dogo kwa uvumilivu mkubwa: alipima. Alichukua alama zisizohama, miamba na misingi ya nyumba, akalinganisha na picha zilizopigwa kabla ya uchotaji, akaonyesha kokoto zilifika wapi zamani na zinafika wapi sasa. Alirudi tena na tena kwa miaka, na matokeo akayachapisha Devon. Sehemu nyingine ufukwe ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya futi 10. Futi kumi ni kimo cha mtu, na mtu mwingine wa kimo cha kati amesimama mabegani mwake. Ngazi zilizokuwa zikiishia kwenye kokoto sasa zilining’inia hewani.

Ninachokipenda kwa Worth ni kwamba hakuwaambia wavuvi jambo geni. Aliyageuza maneno yao yawe futi na inchi. Mvuvi anayekumbuka kwamba akitoka mlangoni alikuwa anakanyaga kokoto bila kushuka ngazi amekwisha kutoa kipimo. Amekosa rula tu.

Kusimamisha uchotaji hakukurudisha kokoto. Kwa muda ufukwe ulionekana kupata nafuu, na naamini kuna waliopumua. Kisha zikaja dhoruba za 1903 na 1904. Nyumba kadhaa zikaanguka, barabara ikakatika, na London Inn ikapoteza sehemu yake. Ikajengwa kuta za zege. Kuta hizo ziliwapa watu takriban miaka kumi na moja ya kulala, na si jambo la kudharau, lakini ukuta na kokoto hazifanyi kazi moja. Kokoto zinalimeza wimbi. Ukuta unalirudisha, na likirudi linakwangua chini ya ukuta wenyewe. Isitoshe, mwamba ule wa chini haukuwa bamba moja. Ulikuwa na mianya iliyojaa mchanga na kokoto za kale, na baadhi ya nyumba zilikaa juu ya mianya hiyo. Maadamu ufukwe ulikuwa mrefu, hakuna aliyejua nyumba ipi iko juu ya mwamba na ipi iko juu ya shimo lililozibwa. Usiku wa 26 Januari 1917 bahari iliwaonyesha, mlango kwa mlango.

Wapo wanaosema, na nimewasikia kwa masikio yangu, kwamba dhoruba ile ingekibomoa kijiji hata kama kokoto zisingeguswa. Hoja hii siitupi nje. Pwani ile inahama kwa asili yake. Torcross, kijiji cha kaskazini kwenye ghuba hiyohiyo, kilipigwa vibaya na dhoruba ya Januari 1979 hata kikajengewa ukuta, na mwaka 2018 barabara ya Slapton ililiwa na bahari tena. Lakini Torcross ipo. Beesands ipo, umbali wa matembezi mafupi tu. Nimekula kaa pale. Upepo wa 1917 uliipiga ghuba nzima. Kijiji kilichobomoka ni kile ambacho ufukwe wake ulikuwa umeshushwa kimo cha mtu na nusu. Anayetaka kuitetea leseni inabidi aeleze upepo ule ulijuaje kuchagua.

Baada ya hapo likaja suala la fidia, na sehemu hii nitaipita haraka kwa kuwa inachosha kama ilivyowachosha wao. Nchi ilikuwa vitani. Serikali haikuwa na hamu ya kukiri kwamba gudi za jeshi lake zimegharimu kijiji. Madai yalichukua miaka saba. Hatimaye kiasi kilichotengwa kilikuwa pauni 6,000, na zikajengwa nyumba mpya juu kidogo, mbali na maji, zinazoitwa mpaka leo Mildmay Cottages kwa jina la mbunge yule. Na kwa kuwa nimemtaja mbunge, nimtaje na mwingine: kuanzia 1910 hadi 1918 Sir John Jackson naye alikuwa bungeni, akiwakilisha Devonport. Usiku kijiji kinabomoka, mbunge wa wenye nyumba na mkandarasi aliyechota kokoto walikuwa wakikaa katika ukumbi mmoja. Sisemi kwamba kulikuwa na njama. Nasema ukumbi ulikuwa mmoja.

Watu wenyewe hawakukaa kulia. Septemba mwaka huohuo wa 1917, Ella Trout, msichana wa familia ambayo mabinti zake waliingia baharini kuvua baada ya kufiwa na baba yao, alipiga makasia kuelekea kwenye meli iliyokuwa imelipuliwa na kumwokoa baharia. Alitunukiwa nishani ya Dola ya Uingereza. Baadaye yeye na dada zake walijenga hoteli juu ya jabali. Nikisoma maandishi yanayowaita watu wa Hallsands “wahanga” tu, huwa namkumbuka Ella na makasia yake.

Kisha kuna Elizabeth Prettejohn. Nyumba iliyobaki ilikuwa yao, nayo ilisimama juu kuliko zote. Majirani wote walihama, yeye alikaa. Alifuga kuku kwenye magofu ya majirani, na wageni walipofika aliwaonyesha: hapa ilikuwa nyumba ya fulani, pale baa, pale tulikuwa tunaanika nyavu. Alikaa hivyo hadi alipofariki mwaka 1964. Kwa takriban miaka arobaini na saba alikuwa raia wa kijiji kisicho na barabara, na ndiye daftari lake. Mengi yanayosimuliwa leo kuhusu nani alikaa wapi yalipita mdomoni mwake kwanza. Nafikiri juu yake kuliko ninavyofikiri juu ya dhoruba. Worth alibeba vipimo, yeye alibeba majina, na bila mmoja wao leo tungekuwa na nusu ya kisa.

Sasa hivi huruhusiwi kuingia ndani ya magofu. Unasimama juu ya jabali, kwenye jukwaa la kutazamia, unachungulia. Kuna kuta mbili tatu, matundu ya madirisha, na mahali palipokuwa na jiko panapoonekana kwa weusi wa moshi, au pengine ni ukungu wa mwamba na macho yangu yanataka iwe moshi. Kokoto hakuna. Maji yanapiga mwamba moja kwa moja.

Zilipo kokoto nazijua. Naishi Torpoint, na siku za kazi navuka mto Tamar asubuhi kwa kivuko cha minyororo kuelekea Devonport. Ukisimama upande wa kaskazini wa kivuko, usijali baridi, utaziona kuta za Keyham zikiendelea kando ya mto. Upanuzi ule ulizinduliwa mwaka 1907 na Mwanamfalme wa Wales, miaka mitano baada ya leseni kufutwa, na jeshi la majini bado linatumia eneo hilo. Safari ya kivuko ni dakika chache tu. Abiria wengi hubaki ndani ya magari yao wakitazama simu.